Ukuta wa slari kwenye ardhi ya Unguja: maswali mnayoniuliza kila siku

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimefanya kazi ya kusimamia uchimbaji wa misingi mirefu miaka kadhaa Dar kabla sijarudi nyumbani, na tangu nirudi haipiti wiki bila mtu kunipigia, mara fundi, mara mwenye kiwanja, mara jirani wa mwenye kiwanja ambaye hata hakuulizwa. Nimeona niyaandike yote pahala pamoja. Mwenye swali jengine alete tu.

Huo ukuta wa slari ni kitu gani khasa?

Ni ukuta wa zege lenye nondo unaojengwa ndani ya ardhi kabla hujachimba shimo lenyewe, yaani shimo refu kama la besimenti (chumba cha chini ya ardhi). Unachimba handaki jembamba, upana wa sentimita 60 mpaka mita 1 au zaidi kidogo, unaliteremsha mita 15, 20, hata 40, na muda wote unaochimba handaki limejaa tope la bentonaiti, na tope hilo ndo slari yenyewe. Ukifika chini unateremsha keji ya nondo (nondo zilizofungwa pamoja kama tundu) ndani ya tope hilohilo, halafu unatia zege kuanzia chini kwa bomba, zege linapanda na tope linatoka juu, linavutwa na pampu kurudi kwenye tangi. Hiyo ni paneli moja. Unafanya ya pili, ya tatu, mpaka umezunguka kiwanja kizima, ndo sasa unachimba udongo wa katikati ukiwa umeshazungukwa na ukuta. Kwa hiyo ukuta unatangulia na shimo linafuata. Watu wengi hapa ndo wanapochanganyikiwa, wanadhani unachimba kwanza halafu unajenga kama msingi wa nyumba.

Wengine wanauita daiafram, ni kitu kimoja.

Tope linazuiaje udongo usiporomoke? Si maji machafu tu hayo?

Hapana, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu ukilielewa hili umeielewa kazi nzima.

Bentonaiti ni udongo wa mfinyanzi wa aina yake, ukiuchanganya na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, unavimba. Ukilijaza tope lake kwenye handaki, maji yake yanataka kukimbilia mchangani, lakini yakipita kwenye ukingo yanaacha ile bentonaiti imeganda kama utando mwembamba, milimita 2 au 3 hivi, unateleza ukiugusa kama ngozi ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Utando huo ukishashika, tope halipiti tena, na sasa uzito wote wa tope unausukuma ukingo kwa nje badala ya kuvujia ndani yake.

Tufanye hesabu. Handaki la mita 20, tope zuri uzito wake ni kama tani 1.05 kwa mita ya ujazo (maji baridi ni 1), maji ya bahari ni 1.025. Kama maji ya ardhini yapo mita 1 na nusu chini ya usawa wa tope, basi kule chini kabisa tope linasukuma tani 21 kwa kila mita ya mraba na maji yanasukuma kama tani 19. Umepata ziada ya tani 2, na hiyo ziada ndo inayoushikilia udongo. Sasa maji ya ardhini yapande mpaka usawa wa tope, ile ziada inabaki nusu tani. Tope ni lilelile, handaki ni lilelile, umepoteza robo tatu ya ulinzi wako kwa maji kupanda mita 1 na nusu tu.

Na sisi tunaishi kisiwani. Bamvua ya hapa maji yanapanda na kushuka kama mita 4. Kwenye mawe yenye matundu maji ya kisima yanafuata bahari karibu sawasawa, kwenye mchanga yanachelewa na yanapanda kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia alipima maji ya kiwanja chako siku moja asubuhi wakati wa maji mafu akaandika namba moja kwenye ripoti, hiyo ripoti mrudishie.

Kwani zege halichanganyiki na tope?

Likitiwa vibaya linachanganyika, na ndo unapata ukuta mbovu. Zege lina uzito wa kama 2.4 na tope 1.1 hivi, kwa hiyo zege linakaa chini na kulisukuma tope juu, almuradi halimwagwi kutoka juu. Linapita kwenye bomba la trimi ambalo ncha yake inabaki imezama ndani ya zege mita 2 au 3 muda wote, zege jipya linaingilia chini ya zege la zamani na ni ule uso wa juu tu unaogusana na tope. Uso huo utachafuka, hakuna namna, ndo maana unazidisha kama nusu mita mpaka mita 1 juu halafu ukishakauka unabomoa hiyo sehemu. Mtu akilivuta bomba mapema kwa sababu ana haraka, ncha ikatoka kwenye zege hata mara moja, pale umeshaweka kipande cha tope katikati ya ukuta na hakitoki tena.

Kazi hii ilianzia wapi?

Italia, baada ya vita vya pili vya dunia. Milano waliitumia kujengea njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa 1964: wakatia kuta mbili kando ya barabara, wakafunika juu, magari yakapita, halafu wakachimba chini taratibu. Uliojulikana zaidi ni ule wa New York uliozunguka shimo la World Trade Center, ulianza 1967, unene kama sentimita 90 na kina kama mita 21, kazi yake kuuzuia mto Hudson usiingie. Majengo yalipoanguka 2001 ukuta ule ulisimama, sehemu moja ilisogea ikabidi ijaziwe udongo na kukazwa upya, na kipande chake mpaka leo kipo wazi ndani ya makumbusho, unakiona na alama zake za anka, yaani nyaya za chuma za kuufungia ukuta kwenye ardhi ya nyuma yake.

Kwa nini unasema ardhi ya mjini kwetu ni ya shida? Si mawe matupu?

Yangekuwa mawe matupu ingekuwa raha. Wazee wanajua, Darajani inaitwa Darajani kwa sababu palikuwa na daraja. Mkono wa bahari ulikuwa unaingia Funguni unazunguka nyuma ya Mji Mkongwe mpaka upande wa Mnazi Mmoja, Ng'ambo ikaitwa ng'ambo kwa sababu ilikuwa ng'ambo kweli. Ule mkono ulifukiwa. Ulifukiwa kwa kila kilichopatikana, mchanga, kifusi, taka, na chini yake lipo tope la asili la mikoko, jeusi, linanuka, laini kiasi kwamba nondo unaizamisha kwa mkono. Mkondo wenyewe umefunikwa lakini maji hayajasahau njia yake, tizama tu mvua za masika zikigongana na bamvua.

Halafu sogea mita 200 unakuta jabali la matumbawe. Jabali hili si gumu kote, juu unaweza kukuta gumu la kuvunja meno ya grabu (lile koleo kubwa la kreni linalochimba handaki), chini yake mchanga mlaini, chini tena gumu, na katikati matundu. Nyote mmeshaingia pango la Mangapwani au mmesikia habari zake. Sasa pango kama lile si lazima liwe Mangapwani, linaweza kuwa dogo la kuingia mtu mmoja na likawa chini ya kiwanja chako, limeungana na bahari, na hulijui.

Kwa hiyo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na kifusi upande huu, tope la mikoko katikati na jabali lenye matundu upande wa pili, na ukuta wako unatakiwa upite kote humo ukiwa umesimama wima. Ndo maana mashimo mawili ya kupimia udongo hayatoshi hata kidogo. Kwenye matumbawe mie nataka kila paneli itobolewe kwanza kwa drili ndogo, kila paneli, na ukikuta uwazi unaujaza kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga kabla grabu haijagusa kitu.

Tope likipotea ghafla inakuwaje?

Niliiona mara moja, Dar, saiti iliyopo karibu na bahari. Saa 8 usiku, paneli imefika mita 14. Tope lilikuwa limekaa vizuri, sentimita 30 chini ya mdomo wa vikuta vya kuongozea, vile vikuta vifupi vya zege vya kandokando ya mdomo wa handaki, mara nikaona ule mstari wa unyevu kwenye zege umeanza kuonekana, yaani tope linashuka na limeacha alama. Ndani ya dakika chache lilikuwa limeshuka zaidi ya mita 1. Hakuna kelele, hakuna kitu, unaona tu linazama. Tulikuwa tumepiga kwenye uwazi na tundu la drili ya kupimia halikuwa limetobolewa kwenye paneli ile, ila kwenye karatasi lilikuwa limetiwa tiki.

Cha kwanza ni kuiondoa kreni ukingoni, watu wote nyuma. Cha pili pampu zote zimwage tope la akiba, zifungue bila hesabu, ndo maana siku zote nasema tangi la akiba liwe limejaa na liwe na ujazo wa paneli nzima. Cha tatu kama halisimami unarudisha udongo uliotoka, mchanga, zege hafifu, chochote kizito kilichopo karibu, unalizika handaki. Tulilizika. Inauma, umefanya kazi siku mbili halafu unaifukia kwa mkono wako, lakini barabara iliyokuwa mita 4 kutoka pale haikupata hata ufa. Siku 3 baadae tukachimba upya palepale kupitia lile zege hafifu.

Uvujaji mdogo unaweza kuuziba kwa kutia vitu ndani ya tope, unga wa mbao, nyuzi. Hapa kwetu makumbi ya nazi yapo tele na nyuzi zake zinafaa, ila usichukue yaliyoloweshwa pwani, yamejaa chumvi. Na chumvi ndo swali linalofuata.

Naweza kuchanganya bentonaiti na maji ya kisima cha hapohapo saiti?

Yaonje kwanza. Sisemi mchezo, ulimi ni kipimo cha mwanzo, halafu ndo upeleke maabara. Mjini visima vingi karibu na pwani vina chumvi, na bentonaiti haivimbi kwenye chumvi. Inajikusanya madonge madonge, maji yanajitenga juu, na ule utando niliousema unakuwa mnene na wa kuvuja badala ya mwembamba wa kukaza. Kwa macho unaona tope zito unafurahi, kumbe halishiki kitu.

Kipimo cha saiti ni faneli ya Marsh. Unaijaza, unaachia kidole, unahesabu sekunde mpaka itoke robo galoni, yaani mililita 946. Maji matupu sekunde 26. Tope zuri 32 mpaka 50. Unapima likiwa jipya, unapima likiwa handakini juu, kati na chini, unapima kabla ya zege. Pamoja na hilo unapima uzito kwa mizani yake, mchanga uliomo (kabla ya zege usizidi asilimia 4, mie napenda chini ya hapo), na pH kwa karatasi tu. Kijana mmoja aliyesoma skuli mpaka fomu foo anajifunza vipimo vyote hivi kwa siku moja, na huyo kijana ndo mtu muhimu kuliko wote saiti nzima. Mlipe vizuri, na akisema simamisha basi kazi isimame hata kama bosi yupo.

Maji ya kuchanganyia yatakuwa ya bomba au ya boza, na tope lipumzike kwenye tangi usiku mzima livimbe kabla ya kutumika. Hata likichanganywa na maji baridi, likikaa handakini muda mrefu chumvi ya ardhini italiingia, kwa hiyo lipimwe na libadilishwe. Kama ardhi yenyewe imejaa maji ya bahari, ipo bentonaiti iliyotiwa dawa, upo udongo wa atapulgaiti ambao haujali chumvi, na zipo polima, ila polima haziachi utando uleule na zinataka mtu anaezijua khasa. Usije ukajifunzia Malindi ya mjini hapa.

Nyumba ya jirani itapasuka?

Bi mkubwa mmoja wa Mji Mkongwe aliniuliza hivi huku ameshika mkono wangu na nilimjibu kama ninavyokujibu wewe, inaweza, na jukumu la kuzuia ni la anayechimba.

Nyumba zetu za mawe ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za nusu mita na zaidi, dari za boriti za mikoko ndo maana vyumba ni vyembamba, mita 3 hivi. Msingi wake mara nyingi ni ukuta uleule umeshuka kidogo ardhini, basi. Nyumba hizi zinabeba vizuri uzito wa kwenda chini lakini hazipendi kuvutwa pembeni. Beit al-Ajaib ya 1883 sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Kule halikuwa suala la handaki, nalitaja ili ujue kuta kongwe zikichoka hazina akiba ya kutosha, hazikupi muda.

Kwa hiyo karibu na nyumba kama hizo paneli ziwe fupi, mita 2 na nusu au 3 badala ya 6, uchimbe moja ukaruka mbili, na usiache handaki wazi usiku bila sababu. Kabla ya yote piga picha kila ufa kwenye kila nyumba, mwenyewe akiwepo, na ubandike vipande vya kioo juu ya nyufa kwa plasta, uandike tarehe. Kioo hakinyumbuki, ufa ukisogea hata kidogo kinakatika. Nyumba moja tulikuta asubuhi vioo viwili vya ghorofani vimekatika na vya chini vizima, maana yake ukuta ulikuwa unalala kwa juu, tukasimamisha siku hiyohiyo tukaongeza mihimili. Bila vile vioo vya bei ya chai tungeendelea kuchimba.

Na ndani ya Mji Mkongwe huwezi kuanza hata kijiko kimoja bila Mamlaka ya Mji Mkongwe, ni urithi wa dunia tangu 2000. Mie binafsi sioni kwa nini mtu achimbe besimenti mle ndani. Sioni kabisa.

Anka zikipita chini ya nyumba ya mtu?

Kwa ruhusa yake ya maandishi tu. Hakuna ruhusa, tumia mihimili ya ndani kwa ndani.

Paneli moja inakula zege kiasi gani?

Urefu mita 5, unene 0.8, kina 20, hiyo ni mita za ujazo 80. Kwenye matumbawe zidisha asilimia 20 na uwe tayari kwa zaidi kwa sababu ya matundu. Gari la mita 6 litakwenda safari 16 na zege halitakiwi kukatika katikati, kwa hiyo piga hesabu ya foleni ya Darajani saa ngapi, sikukuu lini, jenereta ya akiba ipo wapi, na kama plant (mtambo wa kuchanganyia zege) ni moja tu na ikiharibika utafanya nini. Bentonaiti yenyewe ni kama kilo 50 kwa kila mita ya ujazo ya maji, ukitaka tangi mara mbili ya paneli ni tani 8 hivi, inakuja kwa meli. Mchanga siku hizi ni wa vibali na shida, lakini hata ukikosa usithubutu mchanga wa pwani, chumvi inakula nondo kutoka ndani na nondo zenyewe zifunikwe na zege milimita 75 si chini.

Ukuta ukiwa na kasoro nitajua vipi?

Kwa kuangalia rekodi za kila paneli wakati inajengwa, kwa sababu ukishajengwa umezikwa. Handaki linapigwa picha kwa mawimbi ya sauti kabla ya nondo, zege linahesabiwa gari kwa gari na kulinganishwa na kimo kilichopanda. Kimo kikipanda haraka kuliko hesabu, kuna udongo umeporomoka ndani.

Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji lilizama ndani ya dakika chache na watu wawili wa nyumba ya pembeni wakafa. Walikuwa wanajenga treni ya chini ya ardhi na uchunguzi uliishia kwenye paneli moja, grabu ilikuta jiwe kubwa, halikutolewa sawasawa, nyuma yake pakabaki udongo pahala pa zege. Miaka kadhaa ukuta ulikaa kimya na kasoro yake. Halafu maji na mchanga vikapata njia. Jiwe moja tu, ndugu zangu, na sisi ardhi yetu yote ni mawe. Opereta akisema "injinia hapa pana kitu, grabu inakwenda upande", usimwambie asonge mbele.

Nina ghorofa 4 nataka kujenga Kwarara, nahitaji?

Huhitaji. Pima udongo, tia msingi wa kawaida, hifadhi pesa yako.

Na Pemba?

Pemba ardhi ni tofauti, milima na udongo wa kinamo zaidi sehemu nyingi, mapango machache, kwa hiyo tope linapotea kwa nadra. Tatizo la kule ni miteremko, ukichimba chini ya kilima upande mmoja unasukumwa kuliko mwengine na ukuta uhesabiwe hivyo. Gharama ya kufikisha mashine Mkoani nayo uifikirie mwanzo.

Tope lililotumika tulimwage wapi?

Lisafishwe kwa mashine ya kuchuja mchanga litumike tena, na likishachoka lipelekwe pahala palipokubaliwa na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Usilimwage mtaroni. Mitaro ya mjini inaishia baharini, na lile tope ni laini mno, likitua juu ya majani ya bahari na matumbawe linayafunika yasipate mwanga. Kuna watu wanategemea chaza na samaki wa pale.

Nianzie wapi kabla sijaongea na kontrakta?

Toboa kisima kidogo cha kupimia kwenye kiwanja chako, bomba la inchi 2 lenye matundu, mpaka kina cha ukuta unaoufikiria. Tafuta mtu asome kimo cha maji kila saa wakati wa bamvua ya mwezi mwandamo na tena bamvua ya mwezi mpevu, mchana na usiku, na aonje au apime chumvi kila mara. Ikiwezekana rudia ndani ya masika. Hilo daftari ndo la kwanza kumuonesha kontrakta, na kama hakuuliza swali hata moja juu yake, mshukuru kwa muda wake na umtafute mwengine.